Jimu ya Masisi na Walikale: vyuma vyepesi, daftari zito

Kijana anayepandisha gunia la mchanga wa koltani kutoka shimoni Rubaya hatakulipa jioni ili anyanyue uzito mwingine. Wala mama anayeshuka mlima wa Mushaki na viazi mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso, hatakupa faranga zake ili umfundishe kuinama na kuinuka. Anayetaka kufungua jimu Masisi au Walikale, huku Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, aanze hapo. Wengi huanza na picha ya jimu waliyoiona Goma, Kigali au Kampala: vioo ukutani, mashine za kukimbilia, muziki mkubwa. Wanatafuta mkopo, wananunua, wanafungua kwa sherehe, na wateja wa kwanza ni marafiki wanaoingia bure. Mwezi wa nne mwenye nyumba anabisha hodi.

Fedha ya jimu ya huku inatoka kwa mtu anayerudi: kesho kutwa, juma lijalo, na hata baada ya kukimbia vita na kurejea nyumbani. Kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia mahali, bei na vifaa hadi siku ya kuiuza biashara yenyewe, uupime kwa swali hili. Je, hiki ninachokinunua kitamrudisha mtu?

Basi ni nani anayerudi? Tembea katikati ya mji saa kumi na moja jioni uwaangalie waliokaa. Mnunuzi wa madini ameketi mbele ya mizani tangu asubuhi, amekula mishikaki ya mbuzi, amekunywa bia mbili. Tumbo limekua na muuguzi ameshamwambia habari ya presha. Mwalimu amemaliza masomo tangu mchana. Mfanyakazi wa shirika la misaada analala mbali na familia yake na hana la kufanya ila kushika simu. Dereva wa pikipiki ameshuka kutoka barabara ya Sake hadi Masisi, mashimo na mawe yamempiga kiuno siku nzima. Hao ndio wateja wako. Mchimbaji naye anaweza kuja, lakini kwa huduma nyingine: kunyoosha mgongo, ndondi, karate, saa moja ya kusimama wima baada ya kutwa ya kujikunja shimoni. Klabu za karate na judo zimeishi miaka mingi katika miji ya Kivu bila mali zaidi ya uwanja uliofagiliwa na mwalimu anayefika saa ileile kila siku. Kabla ya kununua kitu chochote, nenda ukae na mwalimu wa klabu kama hiyo umuulize wanafunzi wake wanarudi kwa sababu gani. Atakuambia mengi kuliko muuza vyuma.

Wanawake nao wasiwe wazo la mwisho. Mwaka 1992 Gary Heavin na mkewe Diane walifungua Harlingen, Texas, jimu ya wanawake peke yao waliyoiita Curves. Ilikuwa chumba kidogo, mzunguko wa mazoezi wa nusu saa, bila vioo na bila wanaume. Ilienea hadi miji midogo ambayo jimu kubwa hazikuwa na haja nayo, kwa sababu ilimwondolea mama aibu na ikamrudisha nyumbani mapema. Huku kwetu muuguzi, mwalimu na mke wa mfanyabiashara watakuja ukiwawekea saa yao, pazia mlangoni, mkufunzi mwanamke, na mkeka wa mtoto pembeni. Usiwachanganye na wanaume ukitegemea watazoea. Wataacha kuja, na hawatakuambia sababu.

Kuhusu bei, usiige kadi ya mwezi. Mshahara wa mwezi huku ni wa wachache, na hata mwenye mshahara hajui utafika lini. Mchimbaji hupata fedha siku mawe yanapopimwa, mfugaji hupata jibini likishafika Goma, muuza nguo hupata siku ya soko. Weka bei tatu. Ya kwanza ni ya siku, inayokaribia bei ya soda, mtu aitoe mfukoni bila kwenda kushauriana na mtu. Ya pili ni ya juma. Ya tatu, ambayo naipenda kuliko zote, ni kadi ya mara kumi na mbili isiyo na tarehe ya kuisha. Kila mtu anapoingia unatoboa tundu moja. Akiitwa shimoni majuma matatu, kadi inamngoja. Mapigano yakimkimbiza hadi Minova naye akarejea baada ya miezi mitano, kadi bado ni halali, na siku hiyo utakuwa umepata mteja asiyehama. Ila kumbuka, fedha ya kadi si yako yote siku unayoipokea. Ni deni la mazoezi. Iandike pembeni, na uihesabu kuwa mapato kadiri matundu yanavyotobolewa. Wenye jimu waliokula fedha za kadi Januari wamejikuta Februari wanahudumia watu tele na sanduku halina kitu.

Sasa vyuma. Usisafirishe uzito. Kwa miaka mingi ndege ndogo zilizokuja Walikale kuchukua kasiterite, madini ya bati, ya mgodi wa Bisie zilitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo, na mzigo wa ndege unalipiwa kwa kilo. Ukipita chini, barabara ya taifa namba 3 inayotoka Bukavu kupitia Hombo hadi Walikale, lori linaweza kulala kwenye matope siku nyingi, na kila kizuizi kina mtu wa kulipwa. Kununua Goma sahani za chuma za kilo mia tatu na kuzifikisha Walikale ni kulipa nauli ya uzito, na uzito huko upo bure. Bidoni ya njano ya lita 20 iliyojaa maji ina kilo 20 kamili. Ijaze mchanga, itapita kilo 30. Lita moja ya zege iliyokauka ina karibu kilo 2.4, kwa hiyo kopo la lita 4 linakupa karibu kilo 9 na nusu. Magurudumu ya meno kutoka gia za malori mabovu ni sahani nzuri kuliko nyingi za dukani. Ukishamimina zege na kukusanya gia, mwombe mnunuzi wa madini mizani yake asubuhi kabla ya kazi, maana hakuna mizani inayoaminiwa kuliko hiyo katika mji wa madini. Pima kila kipande, andika kilo zake kwa rangi, na uvipange viwiliviwili vinavyolingana. Fimbo iliyozidi uzito upande mmoja huharibu mgongo wa mtu polepole, naye atailaumu jimu yako, kwa haki.

Kitu kimoja usikitengeneze kwa kubahatisha, nacho ni fimbo yenyewe. Bomba la maji litapinda siku mtu mwenye nguvu atakapolitia mzigo, na ajali moja inatosha kufunga mlango. Nunua fimbo nzito ya chuma kisicho na tundu ndani, pamoja na vifungo vya kuzuia sahani zisiteleze. Hizo zisafirishe kwa gharama yoyote. Madawati ya kulalia yatengenezwe na seremala. Masisi imejaa mikaratusi, na Walikale ina mbao ngumu za msituni ambazo mtu wa Goma angezinunua kwa bei kubwa. Stendi za kuwekea fimbo zichomelewe mjini hapohapo. Joe Gold, aliyefungua Gold's Gym huko Venice, California, mwaka 1965, vifaa vyake vingi alivitengeneza kwa mikono yake, na jimu hiyo ndiyo iliyokuja kujulikana dunia nzima.

Maeneo haya mawili yanatofautiana, na mwenye kuyachukulia kuwa sawa atapoteza mali. Masisi ni milima na malisho, kuna baridi, asubuhi watu hawatoki mapema. Jimu yake ijengwe kuta zinazozuia upepo, na saa zake za faida ni za alasiri. Walikale ni bonde la msitu, joto na unyevu mwaka mzima. Kutu itakula vyuma vyako kabla wateja hawajavichakaza. Vipake rangi ya mafuta, uvifute kwa kitambaa kikavu kila jioni, na ujenge kibanda chenye paa refu na kuta nusu ili hewa ipite. Umeme usiutegemee popote kati ya maeneo hayo mawili kwa kazi ya mazoezi. Mashine ya kukimbilia inayoendeshwa na jenereta itakula petroli yenye bei iliyopandishwa na kila kizuizi. Paneli moja ya sola na betri vinatosha kwa taa, spika ndogo na kuchaji simu. Kuchaji simu usikudharau. Anayesubiri simu yake ijae ndiye anayejaribu mazoezi kwa mara ya kwanza.

Nifike kwenye jambo ambalo hutalisoma katika kitabu chochote cha biashara kilichoandikwa mbali na hapa, na ambalo ningetaka ulisome mara mbili. Kundi la vijana wenye misuli wanaokutana alfajiri, wakakimbia kwa mstari na kuimba, huku linaonekanaje? Rubaya ilichukuliwa na waasi wa M23 mwisho wa Aprili 2024. Mji wa Masisi ulifuata Januari 2025, na mji wa Walikale Machi mwaka huo huo, kabla ya M23 kuondoka humo mwanzoni mwa Aprili. Wazalendo, wanamgambo wanaopigana na M23, wako vilimani na msituni. Kila anayeshika mji huwatazama vijana wenye nguvu kwa shaka na kwa tamaa pamoja. Kwa shaka, kwa sababu wanaweza kuwa wa upande mwingine. Kwa tamaa, kwa sababu anawahitaji.

Kwa hiyo jimu yako ionekane ilivyo. Kabla ya kufungua, nenda kwa chifu wa mtaa na kwa ofisi ya utawala iliyopo, na barua inayosema nini kinafanyika, saa ngapi, na nani anasimamia. Nakala yenye muhuri ibaki kwako. Kuta ziwe wazi au zenye madirisha makubwa, apitaye aone. Funga kabla ya giza. Nguo za madoadoa ya kijeshi zisiingie, wala buti, wala fimbo zinazoshikwa kama bunduki. Mbio za makundi barabarani na nyimbo za kutia moyo, ambazo Goma zilikuwa jambo la kawaida, huku ziache. Mwenye silaha akitaka kufanya mazoezi, mwombe kwa heshima arudi siku nyingine kiraia. Asipokubali, usibishane naye na usimtoze, funga mapema siku hiyo. Na usiwakodishe vijana wako kwa mtu yeyote: si kudai deni, si kulinda shamba lenye ugomvi, si kusindikiza mgombea. Atakayekuja na ombi hilo atakuja na fedha nzuri. Ukizipokea mara moja, kuanzia hapo wewe si mwenye jimu tena, na hata familia za wateja wako zitalijua hilo.

Daftari la wanachama nalo lina hatari yake. Orodha ya vijana wenye nguvu, na majina yao kamili, vijiji vyao na mahali wanapolala, ni kitu ambacho mtu mbaya angekifurahia sana. Andika namba ya kadi na jina la kuitia, basi. Kabila lisiandikwe popote. Ndani ya jimu Kiswahili kiwe lugha ya wote, na wakufunzi wako wasitoke upande mmoja. Mhunde, Mhutu, Mtutsi, Mnyanga, Mtembo, Mkumu, wote wanaumwa kiuno. Jimu inayojulikana kuwa ya kabila fulani inapoteza nusu ya wateja siku ya amani, na siku ya vita inapoteza kila kitu.

Afya iwe sehemu ya biashara tangu siku ya kwanza. Watu wa hapa wameona Ebola ikifika hadi Pinga mwaka 2019, na Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa baada ya ugonjwa kuenea mashariki mwa Kongo. Mpox huambukizwa kwa kugusana ngozi, na jimu ni mahali pa ngozi na jasho. Ndoo ya maji yenye bomba na sabuni mlangoni, kila mtu na kitambaa chake, madawati yaoshwe kwa maji ya klorini kila jioni, na mwenye vipele au homa arudishwe nyumbani kwa upole bila kutobolewa kadi. Mlipe muuguzi wa kituo cha afya aje mara moja kwa mwezi na kipimo cha presha. Hilo litamgusa mnunuzi wa madini mwenye tumbo kuliko tangazo lolote. Mkufunzi wako, kama huwezi kupata aliyesomea tiba ya viungo, angalau awe mtu anayejua kusema hapana kwa kijana anayetaka kuonyesha wenzake.

Utaletewa pia vidonge. Masokoni mwetu zinauzwa dawa za kunenepesha zenye cyproheptadine na dexamethasone, na watakuambia wateja wanazitaka, faida yake ni kubwa, kila mtu anauza. Kataa. Dexamethasone ikitumiwa ovyo hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa, na hujaza mwili maji ambayo mtu huyaona kama nyama. Biashara ya kumrudisha mtu haiwezi kumuua mtu huyohuyo. Uza chakula. Masisi kuna maziwa, mayai, viazi, maharage na jibini. Kipande cha jibini na yai la kuchemsha baada ya mazoezi vina faida yako na ya mteja. Walikale maziwa mabichi ni adimu, kwa hiyo tumia karanga, maharage, mayai na ndizi. Mama mmoja mwenye jiko mlangoni, anayekulipa sehemu ndogo ya mauzo yake, ni bora kuliko wewe kufungua mkahawa.

Tuhesabu kidogo. Tuseme kodi, mkufunzi, mlinzi, tozo, sabuni na matengenezo vinakula dola 260 kwa mwezi, na kiingilio cha siku ni nusu dola. Unahitaji maingilio 520. Kwa siku 26 za kazi, hao ni watu 20 kwa siku, na hapo hujapata hata faranga moja ya faida. Wa 21 ndiye anayeanza kukulipa wewe. Wakifika 30 kwa siku, unabaki na dola 130. Sasa jiulize kwa uaminifu kama mahali ulipopachagua panaweza kuleta watu 30 kila siku, mvua ikinyesha. Kama huna hakika, punguza upande wa gharama kabla ya kuota upande wa mapato: kodi uwanja na kibanda badala ya nyumba ya matofali, mkufunzi mmoja badala ya wawili. Andika tarakimu zako mwenyewe mahali pa hizi zangu, na uziandike kila jioni kabla ya kulala. Daftari la mapato na matumizi, tofauti na lile la majina, liwe refu na liwe kweli. Hakuna atakayekukopesha, kushirikiana nawe au kununua kwako bila hilo.

Faida usiiache ndani ya nyumba. Benki za Goma zilifungwa Januari 2025 mji ulipochukuliwa na M23, na waliokuwa na akaunti walijifunza kwa uchungu kwamba fedha iliyoko benki inaweza kuwa mbali hata ukiwa mlangoni pake. Igawe. Sehemu kwenye simu, M-Pesa au Airtel Money, mtandao ukiwapo. Sehemu kwenye kikundi cha akiba cha AVEC au likirimba ya watu unaowafahamu. Sehemu ndogo mkononi, kwa noti za dola zisizo na mkato, maana iliyochanika hakuna anayeipokea. Na theluthi ya faida usiiguse hata kidogo. Ni ya mwezi ambao watu watakimbia. Mwezi huo utakuja. Kodi itaendelea kuhesabiwa, isipokuwa kama uliandikiana na mwenye nyumba tangu mwanzo kwamba mji ukihama, kodi inasimama. Mwombe kipengele hicho siku ya kusaini, wakati bado anakutaka. Baadaye atakataa.

Kukua ni jambo la kuliendea polepole. Miji ya madini inadanganya. Rubaya peke yake inakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, na fedha ikipita hapo inafanya kila biashara ionekane nzuri. Lakini Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011, na Walikale iliyojaa watu ikapungukiwa fedha kwa tangazo moja. Machi 2025 Alphamin ilisimamisha kazi katika mgodi wake wa bati Bisie, ikaanza kurejea Aprili. Mwenye jimu mbili, moja Rubaya na nyingine Ndjingala, anaweza kujiona amegawanya hatari. Zote mbili zinategemea bei ya mawe na barabara yake. Jimu ya pili iende mahali penye riziki ya aina nyingine: mji wa maziwa na viazi, mji wenye hospitali kubwa na shule, njia panda kama Sake wakati kuna utulivu.

Hata kabla ya jimu ya pili, kua ndani ya ile ya kwanza. Jaza saa zilizo tupu. Asubuhi ya saa nne jimu nyingi hazina mtu. Shule ya sekondari iliyo karibu inaweza kukulipa kwa muhula ili wanafunzi wapate somo la viungo mahali penye vifaa. Shirika lenye wafanyakazi kumi waliojifungia ndani ya ua kwa sababu ya usalama litamlipa mkufunzi wako aende kwao mara tatu kwa juma, na mkataba huo mmoja unaweza kubeba kodi yote. Hospitali ina watu waliovunjika miguu kwa ajali za pikipiki wanaohitaji kutembezwa polepole. Kazi hizi hazihitaji chuma kipya hata kimoja. Zinahitaji mkufunzi anayefika kwa wakati, risiti iliyoandikwa vizuri, na wewe mwenyewe kwenda kubisha hodi ukiwa umevaa nguo safi. Mkufunzi wa namna hiyo akishapatikana, mpe sehemu ya faida. Wateja wanamfuata yeye kuliko jina lililoandikwa mlangoni, na akiondoka na kufungua yake ng'ambo ya barabara, utabaki na mabidoni.

Siku ya kuuza itafika, pengine kwa sababu umepata kazi Goma, pengine umechoka, pengine familia imehamia Kisangani. Anza kujiandaa miaka miwili kabla. Kongo imo katika OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria ya pamoja ya biashara, tangu Septemba 2012, na kwa sheria hiyo, mali ya biashara inayouzwa ni kwanza kabisa wateja pamoja na jina au kibao cha biashara. Vifaa, bidhaa na haki ya pango hufuata. Biashara isiyoandikishwa inauza makopo ya zege tu. Kwa hiyo jiandikishe, hata kama ni kwa hadhi ya mfanyabiashara mdogo, na namba ya rejista ya biashara au patente yako iwe na jina lilelile lililo kwenye kibao. Risiti za kodi zitunze nje ya mji, au zipige picha na kuzituma kwa ndugu aliye mbali. Karatasi huungua na kuibwa kama vyuma.

Bei nayo isikusumbue sana. Thamani ya vifaa kwa bei ya kuviuza leo, si ya kuvinunua, ongeza faida ya mwaka mmoja kama inavyoonekana katika daftari. Katika mji tulivu ungeweza kudai ya miaka miwili au mitatu. Huku, mnunuzi mwenye akili hatakulipa zaidi ya mwaka, naye atakuwa na haki. Ardhi usiiingize. Ugomvi wa viwanja na malisho ni moja ya vidonda vya muda mrefu vya Masisi, na karatasi mbili zinaweza kudai ardhi ileile. Ukichanganya kiwanja na jimu, mnunuzi mwaminifu ataogopa na asiye mwaminifu atakuja. Pata badala yake barua ya mwenye nyumba inayokubali mpangaji mpya kwa masharti yaleyale.

Mnunuzi bora mara nyingi yumo ndani tayari. Mkufunzi wako hana fedha yote, lakini anawafahamu wateja na wanamwamini; mwuzie kwa mafungu ya kila mwezi, kwa maandishi, mbele ya mashahidi wawili na chifu wa mtaa, na umiliki wa vifaa ubaki kwako hadi fungu la mwisho. Mfanyabiashara wa madini atakupa yote siku moja taslimu, na kishawishi hicho ni kikubwa. Mwulize tu nani atafungua mlango kila asubuhi. Asipokuwa na jibu, jua wateja wenye kadi zako wataachwa, na jina lako litabaki mjini hata wewe ukiondoka. Kadi ambazo matundu yake hayajaisha ziorodheshwe katika mkataba na thamani yake itolewe kwenye bei, kwa sababu mnunuzi ndiye atakayezihudumia.

Kisha jina. Joe Gold aliuza Gold's Gym mwaka 1970 pamoja na jina lake mwenyewe ndani yake. Alipotaka kurudi kwenye kazi hiyo miaka michache baadaye hakuweza kulitumia, ikambidi aanzishe World Gym. Kama unaipa jimu yako jina la baba yako au la kijiji chako, amua leo kama uko tayari kumwachia mtu mwingine jina hilo. Na kama unapanga kufungua tena, andika katika mkataba ni mji gani hutafungua na kwa muda gani, ili mnunuzi asikushitaki na wewe usizuiwe kufanya kazi Kivu nzima. Mkataba huo uandikwe kwa lugha ambayo nyote wawili mnaisoma, usainiwe kila ukurasa, na fedha ihesabiwe mchana, mbele ya watu, kabla hujatoa ufunguo.